Mama Chupa Aikabidhi Bahari kwa Mwingine

Mkuu wa utumishi alithibitisha Jumatatu kwamba nafasi ya mtafiti wa kaboni ya bahari katika taasisi yetu haitafutwa. Mwenye nafasi hiyo, ambaye jengo zima humwita Mama Chupa, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Juni baada ya miaka thelathini na miwili. Mpaka jibu hilo lilipotoka, alikuwa amekataa hata kuzungumzia sherehe ya kuagwa.

Kazi yake haina siri. Bahari hunyonya karibu robo ya hewa ukaa tunayoizalisha, na maji yake yanazidi kuwa na asidi. Kila mwezi Mama Chupa hutoka na boti hadi sehemu ileile, akajaza chupa za maji na chupa za hewa, kisha akazipima maabara. Mabadiliko ya mwaka mmoja ni madogo mno kuonekana. Ya miaka thelathini yanaonekana, mradi vipimo visikatike.

Pumzi ya mtu imejaa hewa ukaa, hivyo chupa ya hewa inapofunguliwa boti nzima hubana pumzi. Miaka yake ya mwanzo, vipimo viliruka ghafla. Alitoa taarifa ya ugunduzi, pongezi zikamiminika. Baadaye aligundua kwamba nahodha alikuwa akivuta sigara upande upepo unakotoka. Aliwatumia masahihisho wote waliompongeza, na penye chanzo cha kosa akaandika: nahodha. Nahodha alilalamika kwamba anavuta tangu hajaoa na bahari haijawahi kusema kitu.

“Imesema, kaka,” alimjibu. “Iko kwenye grafu.”

Nahodha aliacha sigara. Mkewe bado hututumia salamu.

Mwaka jana ofisi ya utumishi iliamua kwamba nafasi hiyo iondoke na mwenyewe. Mama Chupa hakubishana. Alimwalika mkuu wa utumishi baharini, akamwomba apulizie chupa moja. Wiki iliyofuata alimpelekea grafu: miaka yote ya kazi yake ikipanda taratibu, na pumzi moja ya bosi ikitokeza nje ya karatasi. Alimweleza kwamba vipimo vikikatika, hakuna atakayejua bahari ilifanya nini katika pengo hilo. Bosi aliitundika ofisini, akafikiri miezi minane, akasaini.

Tunamshukuru kwa kutufundisha kunyamaza kazini. Tunamtakia afya njema, usingizi wa asubuhi na kiti kisichoyumba.

Mrithi wake, aliyekuwa mwanafunzi wake, atatoka na boti Jumanne tarehe 2 Julai, saa kumi na mbili asubuhi. Mama Chupa ameombwa abaki nyumbani. Mumewe amesema atajitahidi.