Redio ya Nyuma ya Pazia

Wasifu wa marehemu, ulioandikwa na kusomwa na dada yake mkubwa kwa niaba ya familia

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Machi 1977, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magunia. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne, na wa pili alifariki akiwa mchanga. Mama yao, ambaye ametangulia, alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakulia mpaka mkunga alipompiga kofi, na tangu hapo hakunyamaza tena. Jina alilopewa siku ile lilibaki shuleni na kwenye vitambulisho. Wengi mliokusanyika hapa mlimjua kwa jina la Redio, na wasifu huu utamwita hivyo, maana hata mkewe alimwita hivyo.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo. Tangu Ijumaa ile kuna maneno yanazunguka mtaani kwamba Redio alikata roho huku watu wa nyumbani kwake wakimcheka. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini yamesemwa nusu nusu, na mjane ameomba yasemwe yote leo, mbele ya jeneza, ili mwenye swali aulize hapa hapa na asiende kuuliza kwenye foleni ya maji.

Redio alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, kisha akasoma sekondari miaka miwili tu, ada ikakosekana. Masomo hayakumshinda, ila mdomo ulimtangulia. Alipokuwa darasa la sita alisimama nyuma ya mlango wa ofisi, akaiga sauti ya mwalimu mkuu, akatangaza kwamba shule imefungwa mapema na wanafunzi waende nyumbani. Walikwenda. Walimu wawili nao walikwenda. Kesho yake alichapwa sawasawa mbele ya wote, halafu akaitwa ofisini, na mwalimu mkuu, baada ya kufunga mlango, akamwomba aige tena kidogo asikie anavyofanana. Dada yake alikuwa anasubiri nje, na anakumbuka kicheko cha mzee yule hadi leo.

Mwaka 1993 alipelekwa kujifunza ufundi wa makochi kwa fundi mmoja mkali, katika karakana iliyojaa harufu ya gundi na vumbi la sponji. Mafundi makochi hushika misumari midogo mdomoni, wanaitoa mmoja mmoja kwa ulimi huku mkono unapiga nyundo. Wenzake walisema huo ndio muda pekee Redio alikuwa kimya, na kwamba bosi wake alikuwa akimwongezea misumari makusudi. Alishika kazi vizuri. Kochi likiisha alilikalia, akafumba macho, akasikiliza springi, na kama moja ililalamika alifungua kochi zima upya hata mteja akiwa amekwisha fika na gari. Alifanya kazi katika karakana hiyo hiyo hadi siku alipofariki.

Hapo ndipo alipompata mkewe, aliyekuwa mshonaji wa vitambaa vya makochi, kwenye cherehani ya pili kutoka dirishani. Alimchekesha mwaka mzima. Binti wa watu akamwambia wazi kwamba hataki mume wa kuchekesha, anataka mume. Redio akaahidi kwamba atachekesha Jumapili tu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Desemba 2005, na ahadi ile ilivunjwa kabla wageni hawajamaliza kula. Walijaliwa watoto wawili, wote wa kike.

Sasa tufike kwenye deni, kwa sababu ukimsimulia Redio bila deni umemsimulia mtu mwingine. Mwaka 2016 mdogo wake wa mwisho alitaka kununua lori kuukuu la kubeba mchanga. Chama cha akiba na mikopo cha mafundi kilikubali kumkopesha, ila kilitaka mdhamini, na Redio akaweka sahihi. Dada yake alimkanya. Alimwambia huku ni kukopa harusi kulipa matanga. Redio akasema damu nzito kuliko maji, na yule ni mdogo wao, akianguka wao ndio wa kumwinua. Lori lilifanya kazi miezi mitatu, injini ikafa. Mwenye lori akaingia mitini, simu ikazimwa, na chama kikamgeukia aliyedhamini. Hakubisha. Alisema dawa ya deni ni kulipa, akarudi nyumbani, akaanza kutoa vitu nje.

Friji liliuzwa, televisheni ikafuata, na mwisho ikauzwa redio yenyewe, ile ya mbao aliyokuwa ameirithi kwa baba yao. Jioni hiyo mtoto mkubwa alilia mpaka akakwama. Mkewe naye, kwa maneno yake mwenyewe, alikaa kwenye kiti akaona dunia imemfungia mlango. Chumba chao kilikuwa kimegawanywa kwa pazia, huku meza, kule kitanda. Redio akaenda nyuma ya pazia. Kisha wakasikia mlio wa mawimbi, kama mtu anayetafuta stesheni, na sauti nzito ikawakaribisha wasikilizaji kwenye matangazo ya jioni kutoka nyuma ya pazia, ikaomba radhi kwa kukosekana kwa picha. Mtoto aliacha kulia katikati ya kilio.

Kuanzia hapo matangazo hayakukosekana. Kulikuwa na taarifa ya habari: bei ya sukari imepanda, hivyo wananchi wa meza hii mwezi huu watakunywa chai kwa imani. Kulikuwa na mpira, yaani mtoto mkubwa akiosha vyombo na mtangazaji akipasuka koo kwamba sufuria imepita, kijiko kimepita, beki wa kushoto amelala. Kulikuwa na tangazo la biashara la maharage, ambalo lilimalizika kwa kuwakumbusha wateja kwamba hata kesho yapo. Jumamosi walivaa nguo zao nzuri, wakaenda kusimama nje ya ukuta wa ukumbi wa sherehe, wakacheza barabarani muziki uliolipiwa na wengine, na askari wa getini akawazoea hadi akawa anawachagulia mahali pasipo na matope. Watu waliwaona wakadhani wana hela. Hawakuwa na kitu. Walikula mlo mmoja na nusu kwa siku na viatu vilipokezanwa. Lakini Redio alikuwa na msemo wake, kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo, na nyumba ile haikufa moyo miaka tisa.

Redio ile ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, ikizimika ghafla, betri zimeisha, na mtoto mmoja lazima aende nyuma ya pazia akabadilishe, kwa kumbonyeza mgongoni kwa vidole viwili, naye anawaka na kuanza kuimba. Ya pili ilitungwa na mkewe. Mtoto mdogo alipoanza kusema alikuwa anaingilia kila kipindi, mtangazaji akiuliza yeye anajibu, mpaka vipindi vikawa haviishi. Mama akaweka amri: redio haijibiwi. Ikiuliza habari zenu, hujibu. Ikiomba, hutoi. Unasikiliza tu. Mtoto alishika amri hiyo kuliko sala zake.

Kipindi kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa mchezo wa kila Ijumaa, wa tajiri mmoja mbahili aliyekataa kufa. Kila wiki tajiri anazidiwa, anawaita warithi, anakoroma, anaomba maji, anashika kifua, anaaga. Warithi wakianza tu kugawana mali, anafufuka na kuwadai nauli waliyomlia. Majirani walisogeza viti karibu na dirisha kusikiliza. Ninyi mnaosema leo, baadhi yenu mlikuwa na viti hivyo.

Kuhusu ugonjwa, yafuatayo familia imeyajua baada ya msiba, kutoka kwa fundi mwenzake wa karakana. Tangu mwezi wa pili mwaka huu Redio alikuwa akipata maumivu ya kifua akiinua fremu za makochi. Mwenzake alimkokota hadi zahanati. Daktari akamsikiliza, akamwambia aende hospitali kubwa akapimwe moyo, tena asichelewe. Gharama ya kipimo ililingana na marejesho ya miezi miwili. Redio alimshukuru daktari, na njiani akamwambia mwenzake kwamba imebaki miezi saba deni liishe, kifua kimevumilia miaka tisa, kitavumilia na miezi saba. Mkewe alipomwona usiku amekaa kitandani alimwuliza ana nini. Akasema ni gesi, na akatangaza gesi hiyo kwenye habari za asubuhi pamoja na mwelekeo wa upepo. Mkewe alicheka. Angefanya nini tena?

Ijumaa tarehe 8 Agosti mwaka huu, baada ya chakula cha jioni, Redio aliingia nyuma ya pazia kama kawaida. Mkewe alikuwa mezani anakunja nguo, watoto sakafuni. Mawimbi yalilia, wasikilizaji wakakaribishwa, tajiri akazidiwa. Alikoroma vizuri kuliko siku zote. Mtoto mkubwa alisema baba leo ametia fora. Kisha sauti ikashuka, ikawa si ya tajiri tena, na mkewe anasema aliligundua hilo, akadhani ni ufundi mpya.

"Mama watoto," ilisema, "njoo. Kifua."

Watoto walicheka. Kwenye mchezo tajiri hakuwa na mke, kwa hiyo waliona ni kichekesho kipya. Sauti ikaomba maji. Mtoto mdogo akamtazama mama yake kama aende, na mama, huku akicheka, akamtikisia kidole.

"Redio haijibiwi," akamwambia.

Kukawa kimya. Walingoja afufuke awadai nauli. Hakufufuka, na mtoto mkubwa akasema betri hizo. Mdogo akakimbia nyuma ya pazia na vidole vyake viwili. Walimsikia akibonyeza, akihesabu, akibonyeza tena. Akatoka akasimama katikati ya chumba.

"Mama, haiwaki."

Jirani mwenye bajaji aliwakimbiza hospitali. Daktari wa zamu alisema wamefika na mwili. Alisema pia, kwa sababu mjane alimshika mkono asiondoke bila kujibu, kwamba wangefika mapema kidogo pengine ingesaidia, pengine isingesaidia. Mjane amelichukua lile pengine la kwanza tu. Siku hizi mtu akisema lolote ng'ambo ya ukuta, hata mtangazaji kwenye redio ya jirani akisalimia wasikilizaji wake, yeye huinuka na kuitika. Tunaomba msimshangae, na msimcheke. Mwacheni aitike.

Limebaki moja, na msomaji angependa kuliruka, ila ameahidi. Siku ya pili ya msiba mweka hazina wa chama cha mafundi alifika kutoa pole. Alikaa kando ya mjane, akamwambia kwa upole kwamba asiwe na wasiwasi, deni limefutwa lote. Kanuni ya chama ndiyo hiyo, mwenye deni, au mdhamini anayelilipa, akifariki deni linazikwa naye, familia haiguswi. Watu waliokuwa karibu walimshukuru Mungu. Mjane hakushukuru. Alimgeukia, akauliza.

"Na yeye alikuwa anaijua hiyo kanuni?"

Mweka hazina hakuona kilichokuwa ndani ya swali. "Aliijua sana, mama," akasema. "Wanachama wapya wakija, yeye ndiye tuliyekuwa tunampa awasomee kanuni. Kwa ile sauti yake."

Tangu saa ile mjane hajala chakula cha maana. Kosa lake la Ijumaa amelikubali na kulibeba, ni zito lakini analijua lilivyo. Hili la pili halijui. Hajui kama mumewe alikataa kipimo kwa sababu hela ilikuwa ya deni, au kwa sababu alipiga hesabu akaona kuna njia ya kulimaliza kabla ya miezi saba. Dada yake marehemu amemwambia mara nyingi kwamba hapana, ilikuwa shida tu, na ubishi wa wanaume na hospitali. Amemwambia kwamba mtu aliyetaka kufa asingemwita mkewe wala kuomba maji. Mjane husikiliza hadi mwisho kabisa, kisha huuliza tena. Na sisi wengine tukirudi nyumbani tukazima taa, nasi tunajiuliza. Wa kutujibu ndiye huyu aliyelala hapa, aliyeongea miaka arobaini na minane na jambo hilo hakulisema.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, dada mmoja, na fundi mwenzake aliyekuwa kwake zaidi ya ndugu. Ameacha pia mdogo wa kiume, ambaye amefika leo asubuhi baada ya miaka tisa na amesimama kule nyuma peke yake. Mjane ameagiza asitukanwe wala asiulizwe kitu, apewe chepe kama ndugu wengine.

Apumzike mdogo wetu. Hakuna anayemdai.