Ridhaa ya Wakwe

Katika basi la kutoka Masasi kwenda Newala, niliketi nyuma ya Mama Veridiana, mkulima wa korosho aliyepakata kapu la kuku, na Nurdin, kijana wa kampuni inayonunua hewa ukaa ya misitu. Walikuwa ndiyo kwanza wafahamiane.

“Kijiji chenu kimekwisha kuridhia, Mama,” alisema kijana. “Msitu utafungwa miaka thelathini, asiingie mtu.”

“Huo ndio msitu wetu wa jando. Wajukuu zangu wakatahiriwe stendi?” Abiria walicheka, nami nilicheka, kwa staha.

“Lakini mkutanoni wanaume wote waliinua mikono!”

“Wale ni wakwe zetu, baba. Huku mwanamume huhamia kwa mkewe. Msitu hubaki wa ukoo wa mama. Kwani wewe umeoa wapi?”

“Kitangari. Naishi ukweni.”

“Waweza kumpa mgeni jogoo wa mama mkwe wako?”

“Hata yai sithubutu!” Alicheka kutushinda sote, kisha akajiziba mdomo.

Basi liliposimama Newala, aliuliza kwa adabu amwombe nani ridhaa. Mama Veridiana alimkabidhi kapu la kuku alibebe, akatangulia kuelekea kwa wanawake wa ukoo wake.