Mama Herlinda, Aliyelijua Bonde Zima kwa Watu Wake

Mama yetu mpendwa, Herlinda Moroyoqui Quijada, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika kijiji cha Nácori Chico, milimani Sonora, akiwa mtoto wa tatu wa mchunga ng'ombe Don Librado na mkewe Doña Cuca. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini mpaka darasa la sita, na mbele ya hapo hapakuwa na shule. Mwalimu wake alimsifu kwa hesabu. Mama yake alimsifu kwa kugeuza jibini bila kulivunja.

Aliingia bonde hili la Phoenix tarehe 11 Juni 1974, kufanya kazi za ndani kwa familia iliyokaa Mtaa wa 27. Alishuka basi Avenyu ya 27. Sote tunaoishi hapa tunajua maana yake: mitaa iko mashariki ya Barabara ya Central, avenyu ziko magharibi, na yeye alikuwa mbali na nyumba aliyoitafuta kwa kilomita kama kumi, saa saba mchana, na sanduku mkononi. Kijana mmoja alikuwa anamwagilia mipera ya mama yake.

"Dada, hapa ni avenyu. Wewe unataka mtaa."

"Si ishirini na saba ni ishirini na saba tu?"

"Siyo mji huu. Kaa kivulini kwanza, uso umekuwa kama nyanya."

Kijana huyo alikuwa Eleazar Quijada. Alimpa maji, kisha akampeleka kwa lori lake. Mama alipenda kusema kwamba katika bonde hili alipotea mara moja tu, akapata mume. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Aprili 1975, wakajaliwa watoto wawili, Socorro na Abelardo. Baba Eleazar alitutangulia mwaka 2016.

Mama alifanya usafi majumbani kwa miaka kumi na tano. Mwaka 1989 aliajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa ikiwapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu, akaendesha gari lao hadi alipostaafu mwaka 2013. Hapo ndipo alipoijua miji yote iliyotuzunguka, na hakuijua kwa ramani. Peoria kwake alikuwa mzee mmoja mkali aliyekataa kufunga mkanda mpaka aombwe mara tatu. Mesa alikuwa mjane aliyempa jemu ya pichi kila Juni. Ukimuuliza Sun City iko wapi, atakwambia kwanza nani alifia huko. Kiangazi alishika usukani kwa glavu za jikoni, na aliegesha penye kivuli hata kama ni mbali na mlango. Hakupenda kumwona mgonjwa akikanyaga lami ya moto.

Mwaka 2021 sukari iliharibu figo zake mwenyewe. Ikawa zamu yake kupelekwa: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kutoka kwetu Maryvale mpaka Tempe, kwa sababu kituo cha karibu kilijaa. Abelardo hufunga viyoyozi, na kiangazi fundi wa viyoyozi hana ruhusa. Akabaki mkewe, Yaretzi, aliyeletwa na ndoa kutoka Ímuris mwezi Novemba mwaka huo huo. Leseni alikuwa nayo. Ujasiri hakuwa nao. Hata baada ya kumzaa binti yao Nereida alikuwa akikaa ndani na mapazia yamefungwa, akimngoja mume wake ampeleke hata kununua maziwa.

Mama aliliona hilo, na lilimsumbua kuliko figo. Alimwambia Abelardo, "Nikifa leo, huyu mtoto na mwanawe watabaki humo ndani kama mbegu kwenye chupa."

Basi alimfundisha akiwa amekaa kiti cha pembeni. "Ile minara juu ya Mlima wa Kusini unaiona? Basi hujapotea. Umechelewa tu." Na akikatiwa njia: "Mwache apite, mwanangu, huenda anakimbilia choo."

Alhamisi tarehe 15 Juni 2023 Mama aliingia garini, akafunga mkanda, akafumba macho.

"Leo mimi ni mzigo," alisema. "Mzigo hausemi."

"Mama, usinifanyie hivyo! Mtoto yuko nyuma!"

Mzigo haukujibu. Yaretzi alipitiliza njia ya kutokea, akajikuta Chandler, akalia, akamnyonyesha Nereida kwenye kivuli cha duka la matairi, akatazama minara, akarudi. Walifika Tempe wamechelewa dakika hamsini. Muuguzi alikuja juu, maana saa za mashine zina wenyewe. Mama akamwambia, "Nilaumu mimi. Nilimpotosha." Kisha akamkonyeza mkwe wake.

Tangu siku hiyo hakumwelekeza tena. Walizungumza mambo mengine: unga wa mahindi wa tamale, meno ya Nereida, watu wa kijijini.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huu moyo wa Mama ulichoka, akalazwa hospitali huko Mesa. Jumanne tarehe 10 Septemba jioni Yaretzi aliaga ili akamnyonyeshe mtoto. Akauliza, kama alivyozoea zamani, apite njia gani, barabara kuu au ya ndani. Mama alimshika mkono.

"Pita unayotaka."

Alifariki saa mbili na robo usiku ule, Abelardo akiwa kando yake.

Ameacha watoto wawili, Socorro wa Tucson na Abelardo, mkwe mmoja, wajukuu wanne, na dada yake Ramona, aliyesafiri siku mbili kutoka Nácori Chico na yuko nasi hapa. Wagonjwa watatu aliowahi kuwaendesha nao wameacha viti vyao vya mashine leo ili wawe nasi, na tunawashukuru.

Baada ya maziko kuna supu ya jibini na chapati za ngano nyumbani Maryvale. Wageni kutoka Sonora, na yeyote asiyejua njia, mfuate gari jeupe lililo mbele. Dereva ni Yaretzi.

Lala salama, Mama Herlinda. Mungu akuweke penye kivuli.