Kidole Kilichokataa

Sogeeni wanangu. Evarist, kaa hapa kichwani. Gaudensia, nishike mkono huu wa kulia, mnisikilize mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu. Tangu alfajiri ukungu wa Mlima Hanang umeingia humu ndani, au ni macho yangu, sijui, na ndani yake nawaona vibarua wa Gendabi wamepanga mstari kama siku zile, kila mmoja ameniinulia kidole.

Mnajua nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwaka ule wa hofu, tulipoambiwa wenye silaha wanapita kwetu, niliwekwa kwenye kizuizi cha njia ya kwenda kijiji cha Daudi kwa sababu nafahamu watu, kisha nikapewa kimashine cha kusoma vidole: kikisoma, pita, kikikataa, rudi. Sisemi kizuizi kilikuwa cha bure. Nilifunua magunia ya mkaa kwa mikono yangu nikakuta bunduki tatu, na nilipowatazama mkila ugali siku ile nilishukuru mpaka machozi.

Lakini vidole vya vibarua havisomi. Vimelika kwa mpini wa jembe na kwa kumenya vitunguu saumu vya watu, vimebaki laini kama kipande cha sabuni. Asubuhi moja akaja Verediana, jirani yetu, niliyechunga naye mbuzi utotoni, anakwenda kuvuna Daudi ili mjukuu wake Agatha abaki shule. Kimashine kikamkataa mara tatu. Akacheka, akasema, "Isidori, si unanifahamu?" Nyuma yangu alisimama mkubwa aliyekuja na gari, nami nikaogopa, nikajibu, "Mashine haikufahamu." Nikamrudisha siku hiyo na siku zilizofuata, mpaka mavuno yakaisha na Agatha akaacha shule.

Mnamkumbuka ng'ombe wa kijivu niliyemfugisha kwake, kama wazee walivyofanya, yeye akamue, ndama wawe wetu, tuwe ndugu. Jioni moja tulimkuta amefungwa kwenye zizi letu, amekamuliwa, ameoshwa mpaka kwato, na Verediana hakuacha neno. Kumrudisha ng'ombe wa kufugishwa ni kukata undugu, na kwetu hakuna tusi linalozidi hilo. Miaka sita tunapishana kanisani bila salamu, na ni haki yake.

Jana mliona mtendaji wa kijiji alivyoleta kimashine kama kile, ili shamba liandikwe kwa majina yenu kabla sijafa. Kidole changu kikakataa mara saba. Akasema atafutwe mtu wa rika langu, asiye wa ukoo, aje anitambue, na aliyebaki ni Verediana peke yake. Ndiyo maana asubuhi hii, kabla hajaitwa, nilikutuma wewe, Evarist, umpelekee binti wa yule ng'ombe wa kijivu, anayekamuliwa. Si malipo, ni kumfugisha tena. Akikataa kunitambua, shamba likae bila karatasi, na msimnunie.

Evarist, umeingia mgambo, kamba ya kizuizi utapewa. Ishike kweli, kagua magunia. Lakini mtu unayemfahamu usimwachie mashine. Sema kwa mdomo wako kwamba unamfahamu, hata mkubwa akikasirika. Gaudensia, maharage ya ngwara yaliyo darini gawana na dada zako. Mnizike upande wa juu, nione njia.

Nani huyo mlangoni? Ukungu umezidi. Verediana? Ameshika nini... kibuyu. Maziwa ya kwanza, wanangu. Mfugaji akikubali kufuga, humletea mwenye ng'ombe maziwa ya kwanza. Mpeni kiti. Usinipe pole, Verediana, nimekukosea, nimekukosea sana.

Mtendaji, nawe umefika, muulize sasa kama ananitambua. Amesemaje? Sijasikia, Gaudensia, niambie sikioni.

"Namfahamu."

Haya. Mungu awape mifugo na mvua... awape macho ya kuonana. Nipeni funda moja tu. Na hicho kimashine... kifungeni.