Rukaya Pazi na Gia za Kitanda

Wasikilizaji wapendwa, huko mliko, punguzeni kidogo kelele za masufuria. Leo nina habari nimeibeba tangu juzi. Nimeshindwa kuivumilia mpaka saa ya kipindi, ofisi nzima imeshaisikia. Sasa ni zamu yenu.

Tunamkumbuka Rukaya Pazi. Mama Hajira. Mzaliwa wa Maneromango, kule Kisarawe, na mkazi wa Kibaha. Alifariki mwezi uliopita, akiwa na miaka hamsini na sita. Rukaya Pazi, jamani, mwanamke aliyetengeneza gia za mbao ili mumewe aweze kukaa.

Nimesema gia. Si za gari. Ni za kitanda. Tulieni, nitaeleza.

Mumewe anaitwa Abdulkadiri. Alikuwa bwana mifugo, na ng'ombe wa Gwata walikuwa wakiona pikipiki yake tu wanajua leo kuna sindano. Miaka minne iliyopita akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala. Mkono wa kushoto ukabaki, ila hauna nguvu. Kuongea anaweza, tena anaongea kuliko zamani. Kitu kimoja kikamshinda: kuinuka pale kitandani akakaa. Na mtu asipokaa, chai inampalia, chakula hakiteremki vizuri, na wageni anawaona pua tu kwa chini.

Basi Rukaya akawa anamwinua. Asubuhi kwa chai, mchana kwa chakula, alasiri kwa dawa, jioni tena. Anapiga goti kitandani, anapitisha mikono kwapani kwa mumewe, anamkumbatia, anavuta. Yeye mwembamba. Mume pande la mtu. Miezi ikapita hivyo, mgongo ukaanza kudai haki yake.

Hajira ni binti yao wa pekee. Anafanya kazi ofisini Dar, anatoka alfajiri, anarudi giza limeshaingia. Aliniambia, "Mama alikuwa akikaa kula, analala na tonge mkononi. Nikimwamsha ananiambia, niache, mimi ndiyo nakula hivyo."

Sasa, Rukaya alikuwa na mashine ya leza. Ile ndogo ya mezani, ambayo watu wananunua kwa kujifurahisha, halafu inageuka biashara. Unachora kitu kwenye kompyuta, mwali mwembamba wa mwanga unapita juu ya plaiwudi, unaikata kwa kuichoma. Yeye alikuwa anakata majina ya kwenye keki, mapambo ya harusi, vibao vya milangoni. Siku moja akaona kwenye simu kitanda cha hospitali, kile unachozungusha mpini, upande wa kichwani ukapanda. Akaingia chumbani na simu yake.

"Baba Hajira, nitakutengenezea kitanda ujiinue mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Wewe. Unazungusha hapa, kichwani kunapanda."

Abdulkadiri akaangalia dari. "Sitaki mashine. Mimi nina mke."

"Mke amechoka."

"Basi apumzike. Ataniinua baadaye."

Wasikilizaji wapendwa, mzee aliponisimulia hapo, mimi nilicheka. Mzee Abdulkadiri hakucheka. Aliniambia, "Binti yangu, mgonjwa anashikwa ili aoshwe. Anashikwa ili avalishwe. Mke wangu alikuwa ananikumbatia pale tu anaponiinua. Sasa ananiletea habari ya mashine."

Kicheko changu kikaishia hapo.

Lakini Rukaya alikuwa ameshaanza. Abdulkadiri akawa anasikia feni ya mashine ikiunguruma ng'ambo ya ukuta, na harufu ya mbao iliyoungua inapenya mpaka kwenye shuka. Mawazo ya mkewe yalikuwa haya: gia ndogo ikae kwenye mpini, izungushe gia kubwa. Gia kubwa ivute mkanda. Mkanda upandishe ubao wa kichwani. Mkono dhaifu uzunguke mara nyingi, kitanda kipande polepole, na mzigo usisikike.

Gia kubwa ikatoka nzuri, imejaa meno pande zote. Gia ndogo akaifanya kama alivyozoea kwenye kazi yake. Jina likizidi keki, unalipunguza kwenye kompyuta, herufi zote zinapungua pamoja, bibi harusi anafurahi. Basi akaichukua ile gia kubwa, akaipunguza. Meno nayo yakapungua. Alipozikutanisha mezani zikagomana. Jino nene likatafuta pa kuingia, pakawa hapana.

Jirani yao, Elinipa, mama wa Kipare wanayepakana naye ukuta, alikuwa amekuja kuazima pasi. Akasimama kutazama.

"Mama Hajira, umemwoza kibogoyo kwa fisi. Na hii ni kitanda au winchi ya bandarini?"

"Winchi. Mzigo si unaujua?"

Sauti ikatoka chumbani: "Mzigo unasikia."

Wakacheka wote watatu. Ila Rukaya alipomaliza kucheka akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akabaki pale.

Ilimchukua muda kuelewa. Gia zinazokutana, meno yake lazima yawe na ukubwa mmoja, kubwa na ndogo sawasawa. Kinachobadilika ni idadi. Akachora upya. Ndogo meno kumi na mawili, kubwa meno sitini. Mkono uzunguke mara tano, gia kubwa izunguke mara moja. Safari hii zikaingiana, lakini zikalegea, zikawa zinagonga, kwa sababu ule mwali unakula mbao pembeni mwa mstari. Kidogo tu, unene wa uzi, lakini jino linatoka limekonda. Akawa anachora jino nene kidogo kuliko analolitaka. Halafu ubavu wa jino akaupa tumbo, usiwe umenyooka kama msumeno, ili meno yaviringishane badala ya kukwaruzana. Kabla ya kukata gia nzima anakata kipande chenye meno mawili matatu, anakijaribu, anakitupa, anarudi kumwinua mumewe, anarudi kwenye kompyuta.

Na hayo yote, wasikilizaji wapendwa, alikuwa anafanya amechoka. Nasema amechoka. Kuna watu wanachoka jioni. Rukaya alikuwa anaamka amechoka.

Sasa sikieni. Alasiri moja mashine inakata, yeye amekaa mbele yake. Usingizi ukambeba. Mwali ukakwama mahali pamoja, plaiwudi ikashika moto. Chumbani, Abdulkadiri akasikia moshi. Moshi wa mashine alikuwa ameshauzoea, huu ulikuwa mwingine, mzito. Akaita, "Mama Hajira." Kimya. Akaita tena. Kimya. Akajaribu kujivuta kwa mkono wa kushoto, mabega yakanyanyuka kidogo juu ya mto, yakarudi. Moto uko ng'ambo ya ukuta, mke wake yuko ng'ambo ya ukuta, na yeye yupo chali anaangalia dari.

Akamwita Elinipa. Alimwita mpaka sauti ikapasuka.

Elinipa akaingia mbio kupitia uani, akachomoa waya, akatupia kanga mbichi juu ya mashine. Rukaya akaamka nyusi zimeungua nchani. "Nilikuwa nimefumba macho tu," akasema. "Dakika moja tu."

Elinipa akamletea maji. 

Rukaya alipoingia chumbani kumwinua mumewe kwa ajili ya dawa, Abdulkadiri akamzuia kwa ule mkono mzima.

"Maliza hicho kitanda."

"Si hukitaki?"

"Kimalize. Lakini nina sharti."

"Haya, sharti gani tena, baba?"

"Nikishajiinua, uje ukae hapa karibu yangu."

"Nikae nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

Rukaya akamtazama, halafu akageukia dirishani akawa anafuta uso na ncha ya kanga. Alimwambia ni moshi.

Akamaliza. Kila gia akakata tatu zinazofanana, akazigandisha kwa gundi zikawa moja nene, ili jino lisivunjike. Akaweka na kijiti cha kuzuia, kitanda kisirudi chini ghafla. Seremala wa mtaani akafunga ubao na mkanda. Siku ya kujaribu, Abdulkadiri akashika mpini. Akazungusha. Mbao zikalia, zikatulia. Ubao ukaanza kupanda, na mzee naye anapanda nao, na Rukaya amesimama mikono ameikunjua, tayari kumdaka.

Hakumdaka. Hapakuwa na haja. Mzee alikuwa amekaa.

"Njoo," akamwambia.

Rukaya akapanda kitandani, akaegemea bega la mumewe, akalala pale pale. Abdulkadiri aliniambia, "Chai yangu ilipoa. Bega likafa ganzi, na lenyewe ndilo bega zima. Sikumwamsha."

Ikawa ndiyo desturi yao. Kitanda kinapanda, mama anakuja kukaa. Hajira anasema ndipo alipoona mama yake anakula chakula mpaka kinaisha.

Mwezi uliopita presha ya Rukaya ilipanda ghafla. Akapelekwa hospitali. Hakurudi. Rukaya Pazi, miaka hamsini na sita. Akazikwa kwao, Maneromango.

Wakati wa kwenda msibani, kaka wa marehemu, Mwinyimadi, alisema shemeji atalazwa kwenye godoro, watu wa kumwinua wapo tele. Abdulkadiri akakataa. Kitanda kikapakiwa kwenye Canter, na ile barabara ya Maneromango mnaijua, nyie wa huko mnaijua zaidi. Kikafika. Gia zote nzima.

Watu wakaingia chumbani kumpa pole. Yeye amelala. Vijana wawili wakainuka, wakakunja mikono ya kanzu, wamkamate kwapani. Mwinyimadi akawaonyesha pa kushika.

Abdulkadiri akasema, "Kaeni. Mwenye kuniinua ameshaniinua."

Akashika mpini, akazungusha. Chumba kizima kikasikia meno yakipita moja baada ya jingine, na mzee akapanda polepole mpaka uso wake ukawa sawa na nyuso zao. Ndipo akapokea pole zao.

Mzee Abdulkadiri, shikamoo, najua unatusikiliza. Wewe, na Hajira, na Mwinyimadi, na ukoo wa Pazi wote, na mama Elinipa: poleni sana kutoka kwetu sote hapa studio. Mungu ampe Rukaya pumziko refu. Hapa duniani alilipata kwa vipande.

Na wewe unayenisikiliza. Labda nyumbani kwako yupo mtu anayembeba mwingine. Anamwosha, anamlisha, anamgeuza, na ukimuuliza anakujibu salama. Nenda ukamuulize mara ya mwisho kulala vizuri ilikuwa lini. Usimpe ushauri. Msikilize ajibu, halafu shika zamu wewe.

Nenda sasa hivi. Redio iache iongee peke yake.