Mashahidi Wako Uani, Nerye

Niinueni kidogo, wanangu, mniwekee mto mwingine mgongoni, na wewe Mazol acha kulia, maana kila nikifungua mdomo unalia, na mimi nina maneno mengi na pumzi kidogo ya kuyasemea. Nerye, sogea. Usikae mlangoni kama mgeni aliyekuja kuuliza njia; wewe ndiye mwanangu wa kwanza, kaa hapa nikuone. Rabi Ilyovu ameniambia kwamba katika sheria yetu Wayahudi neno la mgonjwa asiyetarajiwa kuamka lina nguvu ya hati iliyokwisha kukabidhiwa. Basi nitasema, nanyi mtasikia, na asiyeridhika atamfuata Rabi akamlalamikie, mimi nikiwa nimeshalazwa kando ya baba yenu.

Nyumba hii, vyumba vyote, ua na mzabibu wake, ni yako, Nerye. Nimekupa leo, bila sharti. Mazol anajua, tumeshazungumza. Yeye ana kwake kwa mumewe, na atachukua cherehani, sufuria kubwa ya shaba, na kile kitambaa cha ukutani nilichokidarizi nikiwa mchumba. Tanuri la uani lisibomolewe. Jirani yetu Salomat anaoka mikate yake humo tangu mimi bibi arusi, na sitaki nisikie, huko nitakakokuwa, kwamba umemfukuza kwa sababu unga wake si wa kwetu.

Sasa nikuambie jinsi ulivyonichosha.

Mimi nimepika katika nyumba hii enzi ambazo mtu wa Samarkand akifunga duka Jumamosi kwa ajili ya Sabato aliitwa na serikali kuhojiwa. Mchinjaji alikuja na kisu kimeshonewa kwenye bitana ya koti. Mikate ya Pasaka tuliioka mapazia yameshushwa, baba yako kasimama langoni anajifanya anapunga upepo, katikati ya baridi. Tulikuwa na chumba kimoja, jiko moja, na mama mkwe aliyenusa kila kijiko, na hata hivyo nyama na maziwa havikuwahi kukutana humu ndani. Hakuna aliyenipa cheti. Nilifundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na wake.

Kisha ukaenda Yerusalemu kusoma, na mimi nikajivuna mtaa mzima, kila niliyekutana naye nilimwambia hata kama hakuuliza. Ukarudi. Kabla hujanibusu, ukafunua sufuria yangu. Ukasema, "Mama, mchele huu nani kauchambua?" Nani kauchambua! Sabato yako ya kwanza nyumbani nilikuwa nimekupikia wali uliolala motoni usiku kucha na nyama na matunda makavu, mpaka umekuwa mwekundu kama alivyoupenda baba yako, na wewe ukala yai na tango. Yai na tango, mezani kwangu, shangazi zako wanatazama. Nikajisemea, huyu ana moto mpya, utapoa. Haukupoa, ulihama tu. Ulitoka kwenye mchele ukaingia kwenye chumvi, ukatoka kwenye chumvi ukaingia kwenye kilemba cha mkeo, unywele mmoja ukitokeza unamwita pembeni kama mwalimu.

Na Zulay alivumilia. Yule binti alijifunza kila ulilosema, akapanga masahani ya nyama upande huu na ya maziwa upande ule, akawa ananiuliza mimi mambo ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyasikia.

Tena likaja suala la kijiko. Mazol, usinifinye mguu, nitalisema. Ulikuwa umealika wageni, watu wazima, na mkeo amekesha anapika. Akakoroga mchuzi wa nyama kwa kijiko cha upande wa maziwa. Alikosea, alikuwa amechoka. Mtu mwenye akili angeinuka kimya akaenda nyumba ya pili kumuuliza Rabi, na wageni wangedhani kaenda msalani. Wewe ulisimama ukasema mbele ya wote, "Mwanamke huyu ananilisha haramu." Ukamwaga sufuria nzima uani. Na Rabi alipoulizwa kesho yake, alisema nini? Alisema kijiko kilikuwa safi, hakikuguswa na maziwa tangu juzi yake, na mchuzi ule ulikuwa halali kuliwa. Chakula kilikuwa halali, Nerye. Kilichokuwa haramu ni ulichofanya wewe, maana sheria hiyohiyo uliyoisomea inasema kumwaibisha mtu hadharani ni karibu sawa na kumwaga damu. Ukurasa huo uliuruka, nadhani.

Zulay alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti, akaenda kwa kaka yake. Ukasema atarudi mwenyewe. Hakurudi. Akaomba talaka, ukasema wakati haujafika. Majira yamepita na kupita na wakati wako haujafika tu, na wewe unajua kuliko mimi kwamba kwetu mke haachwi mpaka mume atoe hati kwa hiari yake na mke aipokee mkononi. Amnun, yule mjane mshonaji, alimposa. Alimsubiri kwa heshima, mwisho akachoka, akaoa mwingine, na arusi ile Zulay alikwenda kusaidia kupika. Alirudi huku ananuka vitunguu, akakaa hapo ulipokaa wewe sasa, akaniambia, "Mama, mwanao hanitaki wala haniachi. Mimi ni nani?"

Nikamfuta mikono kwa kitambaa changu cha kichwa.

Unajua nani ananiogesha? Unajua nani ananigeuza kitandani? Dada yako ana watoto wake, anakuja akiweza. Wewe unakuja na zaburi na maswali juu ya dawa zangu zimetengenezwa na nini. Ni Zulay. Anakuja kila asubuhi, na akisikia kikohozi chako langoni anatokea upande wa Salomat ili usikutane naye. Leo nimemkataza kutoka. Yuko jikoni. Usigeuze shingo, nitazame mimi.

Nilitaka kukukomoa, nakwambia wazi. Nilimwita Rabi nikamwambia, andika kwamba Nerye hapati hata tofali la nyumba hii mpaka amwache yule mwanamke. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Bulor, ukifanya hivyo unamfunga zaidi. Talaka ya kulazimishwa si talaka. Akiolewa kwa hati hiyo, bado ni mke wa Nerye." Nilikasirika mpaka nikasahau maumivu. Nikamwambia, sheria gani hii inayolinda hiari ya mwanangu kama yai, na hiari ya mke wake imewekwa wapi? Hakunihubiria, na mimi nilimpenda kwa hilo. Halafu akasema, "Unaweza kumwomba." Hilo tu.

Ndiyo maana nyumba nimekupa kwanza, na mashahidi wamesikia kupitia dirisha. Ukikataa, ni yako. Ukikubali, ni yako. Sala ya maziko utanisomea vyovyote vile, na nitaipokea, kwa kuwa mimi ni mama yako na sina pengine pa kwenda. Mkononi sina kitu cha kukuhongea wala cha kukutishia. Nakuomba.

Unasema nini? Sema kwa sauti. Alikuacha mbele ya watu? Ndiyo, mbele ya watu uliowaalika wewe, wakaona uliyoyafanya wewe. Hapana, hatakuomba radhi kwanza, usianze. Unaogopa nini? Kwamba mtaa utasema Nerye aliyesoma Yerusalemu hakuweza kukaa na mke? Mtaa umeshasema, baba. Wamesema, wamechoka, siku hizi wanasema habari za watu wengine.

Maji. Kidogo tu. Basi.

Sikilizeni ya maziko. Sanda iko kwenye sanduku, nimeishona mwenyewe, pamba tupu, msinunue nyingine. Mnizike kabla jua halijazama. Funikeni vioo, kaeni chini, kuleni mayai watakayoleta majirani, na msibani kwangu mtu asiulize mchele umechambuliwa na nani, atakayeuliza apewe sinia achambue mwenyewe. Nerye na Mazol, msigombane. Mkigombana, mgombane baada ya mwezi.

Leo Alhamisi. Kesho hawaandiki, Ijumaa talaka haiandikwi, na Sabato ndiyo kabisa. Rabi yuko uani, mwandishi yupo na wino wake, mashahidi wako uani, Nerye, wanakunywa chai ya tatu na wana kazi zao. Sitasema tena. Nimechoka na wewe na ninakupenda, na yote mawili yamenimaliza.

Unakwenda wapi? Nerye. Nerye!

Mazol, huyu amekwenda wapi? Nisikilizie, masikio haya yameanza kuwa na mawimbi. Anaongea na nani? Na mwandishi? Amesema nini, rudia polepole. "Niandikie." Kwa jina lake na kwa jina la... Ee Mungu. Zulay! Zima jiko uje.

Wanabishania nini tena huko? Jina la baba yake Zulay? Waambie Abrom mwana wa Pinhas, na mtaani aliitwa Abo Kinyozi, waandike yote mawili, lisibaki jina hata moja la kuja kuharibu hati. Nenda, Mazol, kimbia.

Njoo, Zulay mwanangu. Kuandika kutachukua muda, mstari kwa mstari, na mimi huenda... huenda nisifike alasiri. Mungu akupe nyumba yenye kelele. Akupe watoto wanaovunja vikombe. Na yule wa uani, Mungu amlainishe, amfundishe kula mezani kwa watu. Mazol ameshabarikiwa, mwambie, nilimbariki asubuhi akiwa amelala.

Nionyeshe utakavyoipokea hati. Mikono pamoja, viganja juu. Hivyo. Pete vua. Hapana, Zulay, usinishike, niachie mkono wangu. Wanataka mikono yako iwe mitupu.