Diski ya Bei ya Kutupa

VINNY: Haloo! Nani mwenzangu?

JANEFFER: Haloo? Hii ni Vinny? Vinny wa diski?

VINNY: Ndiye huyo huyo. Vinny wa Ofa. Naongea na nani?

JANEFFER: Ni Janeffer, wa studio ya picha hapa Litein. Habari ya huko?

VINNY: Mzuri sana, madam. Litein hamjambo?

JANEFFER: Tuko salama, mvua tu. Sasa, nimeona tangazo yako kwa simu. Diski ya nje, tera mbili, elfu tatu na mia tano. Ni ukweli ama ni ya kunivuta nipige?

VINNY: Ukweli mtupu! Hiyo ni ofa ya mwisho wa mwezi. Imebaki moja tu—

JANEFFER: Watu wa ofa huwa mmebakisha moja.

VINNY: [anacheka] Madam, wewe ni mkali. Lakini hii kweli ni moja.

JANEFFER: Hapa kwetu duka inauza elfu tisa. Wewe unapata wapi ya elfu tatu? Rahisi ni ghali, Vinny.

VINNY: Sisi tunachukua moja kwa moja kwa kampuni. Hakuna mtu wa katikati. Niko hapa Nairobi, mjini kabisa, karibu na kila kitu.

JANEFFER: Waranti?

VINNY: Iko. Miaka mbili.

JANEFFER: Tangazo imesema mwaka moja.

VINNY: Eeh, mwaka moja ya kampuni, halafu mwaka moja ya Vinny mwenyewe.

JANEFFER: Ikikufa mwezi wa tatu je?

VINNY: Unarudisha tu, nakupatia ingine hapo hapo. Bora irudi na boksi yake.

JANEFFER: Na inakuja na boksi?

VINNY: Boksi... Boksi iliingia maji, tukatupa.

JANEFFER: Kwa hivyo nirudishe na boksi yenye sijapewa.

VINNY: Siste, mbona unanishika hivyo? Tuaminiane bana.

JANEFFER: Risiti iko?

VINNY: Risiti naandika. Unataka niandike ngapi?

JANEFFER: Ngai! Unaniuliza niandikiwe ngapi?

VINNY: Namaanisha— haloo? Unanisikia? Mtandao hapa inakatakata.

JANEFFER: Nakusikia vizuri. Hata pahali hutaki kusikika nakusikia.

VINNY: [anacheka kidogo] Sasa maswali yote hii ni ya nini? Wateja wengine wanatuma pesa tu, kesho yake wanapokea.

JANEFFER: Wengine hawajaona yenye nimeona. Wiki mbili zimeisha tangu wavunje studio yangu. Alhamisi usiku. Wakaacha kamera, wakaacha printa, wakabeba diski moja.

VINNY: Diski pekee?

JANEFFER: Pekee. Na kamera ilikuwa hapo kwa meza, inaonekana. Hata polisi alishangaa.

VINNY: Pole sana. Ilikuwa na kazi ya watu?

JANEFFER: Kazi ya watu nitapiga tena. Ilikuwa na mama yangu. Alitutoka mwezi wa nne. Kabla aende nilimrekodi, ameketi nje ya nyumba, akisema majani chai ya upande gani ni ya nani. Unajua mimi nilirudi nyumbani na watoto wawili. Ndoa ilinishinda. Mama akaniambia, leta kamera yako, mimi niseme na mdomo yangu kabla watu waseme kwa niaba yangu.

VINNY: Akasema?

JANEFFER: Alisema. Nikaweka hapo kwa diski, pahali moja, kama mjinga. Sasa wazee wanakaa Jumamosi hii kugawa shamba. Bila hiyo video mimi ni mwanamke anapiga kelele tu. Nitatolewa kwa hiyo shamba na watoto wangu.

VINNY: Na hakuna mtu mwingine alisikia?

JANEFFER: Ndugu yangu Kipkosgei alikuwa nyumbani siku hiyo, lakini anasema alikuwa ameenda kukama. Hakusikia. Simlaumu. Yeye ndiye amenisimamia, hata hiyo Ijumaa jioni aliniletea kufuli mpya ya mlango, ya bluu, kubwa kama ngumi. Akaniambia, sasa lala, dada. Huyo tu ndiye naamini. Watu wengine, na wewe ukiwa wa kwanza, nauliza maswali.

VINNY: Pole, madam.

JANEFFER: Asante. Kwa hivyo nisomee namba ya siriali, hapo kwa stika. Nitaiingiza kwa tovuti ya kampuni, nione kama waranti iko hai. Kama iko, nakutumia pesa sasa hivi.

VINNY: Namba... ngoja niichukue. [vitu vinagongana] Stika imetoka nusu. Naona W, halafu X, halafu imekwaruzwa.

JANEFFER: Diski mpya, stika imekwaruzwa.

VINNY: Ni safari, madam. Lakini usijali, kuna ingine hapa chini. Hii wamechora ndani ya plastiki yenyewe, hata haiwezi kutoka. Nafikiri ndiyo ya waranti, kampuni huchora ili mtu asidanganye.

JANEFFER: Soma.

VINNY: Saba, ziro, nne. Nne tena. Moja, nane.

JANEFFER: [kalamu inaanguka]

VINNY: Haloo? Madam? Umeandika?

JANEFFER: Rudia.

VINNY: Saba, ziro, nne, nne, moja, nane. Angalia kwa tovuti.

JANEFFER: Naangalia. Imechorwa na nini, Vinny?

VINNY: Ni mashine. Ama... kama msumari hivi. Kwani inakubali?

JANEFFER: Na hiyo nane, imefungwa vizuri ama imebaki wazi juu?

VINNY: Imebaki wazi juu. Umejuaje?

[Kelele kubwa kwa Vinny, kama mtu anamwaga mahindi kwa bati.]

JANEFFER: Hiyo ni nini?

VINNY: Ni magari. Magari ya hapa Nairobi.

JANEFFER: Hiyo ni mvua ya mawe.

VINNY: Hata Nairobi inanyesha bana—

[Sauti ya mtu, nyuma ya Vinny: "Funikeni majani! Funikeni majani, gari ya kiwanda bado!"]

JANEFFER: Nairobi mjini kabisa. Huko mjini wanafunika majani chai?

VINNY: Madam, nikupigie baadaye? Mtandao—

JANEFFER: Naichukua.

VINNY: Nini?

JANEFFER: Diski. Naichukua, bei yako hiyo hiyo, bila boksi, bila risiti. Lakini usiifute.

VINNY: Nisifute nini?

JANEFFER: Nimesema tu, usi—

VINNY: Diski mpya ina nini ya kufutwa?

JANEFFER: Na diski mpya inachorwa na msumari?

VINNY: Mimi nakata.

JANEFFER: Usikate! Vinny, nakuomba. Sikukuita mwizi. Polisi sitaki. Ukikata utaogopa, ukiogopa utaitupa kwa mto, na mama yangu ataenda nayo. Nisikize tu dakika moja, kadi yangu ya simu yenyewe inaisha.

VINNY: [anapumua] Sema haraka.

JANEFFER: Hiyo namba ni ya mama, ya kupeleka majani. Alikuwa na namba yake mwenyewe pale kituo cha kupima majani chai. Kwetu kila kitu kinaandikwa hiyo namba. Jembe, kikapu, mkebe wa maziwa, hadi kiti ya kanisa alichora. Mimi nilipoleta diski nyumbani akachukua msumari, akaniambia, hii nayo ni ya nyumba, wacha niiweke alama. Nane yake haikuwa inafunga. Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka.

VINNY: Na mimi nikakusomea ati ni ya waranti.

JANEFFER: Ukanisomea.

VINNY: Aki ya Mungu, siste, sikuiba. Mimi hununua vitu vya watu, nauza. Sijui mlango ya studio yako.

JANEFFER: Umeifuta?

VINNY: [Mvua ya mawe inapungua.]

JANEFFER: Vinny. Umeifuta?

VINNY: Nilikuwa nifute jana. Stima ikapotea.

JANEFFER: Ooh, Mungu wangu. Asante. Asante, stima.

VINNY: Nilifungua video moja kwanza, nione kama inafanya kazi. Kuna mama mzee, ana kitambaa ya kijani. Anaonyesha na fimbo.

JANEFFER: Anaonyesha wapi?

VINNY: Chini huko. Anasema, kutoka njia ya ng'ombe mpaka mtoni, hayo majani ni ya Chepkurui, na mtu asimsumbue. Mimi ni mtu wa huku tu, nilisikia lugha ya kwetu. Nikajiuliza, Chepkurui ni nani?

JANEFFER: [analia] Ni mimi. Ni jina la nyumbani. Tangu azikwe hakuna mtu ameniita hivyo.

VINNY: Pole, siste. Pole sana. Wacha kulia bana, utanifanya nishindwe.

JANEFFER: Uko wapi? Niambie ukweli moja tu leo.

VINNY: Niko Chepseon, si mbali sana na Litein. Nyuma ya kituo cha majani, kibanda ya mabati. Uliza Vinny, kila mtu ananijua. Kuja kesho asubuhi.

JANEFFER: Nakuja na gari ya kwanza.

VINNY: Usikuje peke yako. Si kwa ubaya, lakini barabara ni barabara, na hiyo kitu ina uzito. Kuja na mtu. Si una huyo ndugu yako?

JANEFFER: Nitakuja na Kipkosgei, ndiyo. Atafurahi sana. Na Vinny... nani alikuuzia?

VINNY: Sijui jina. Alikuja hapa siku ya soko, hiyo Ijumaa, saa sita hivi. Mtu mzima, amevaa vizuri. Mimi nilijua kuna kitu, siste, kwa sababu hakubishana bei. Nilimwambia elfu moja akachukua. Mwizi hubishana! Huyu alisema neno moja tu: futa kabla uuze. Akarudia mara tatu.

JANEFFER: Hakutaka pesa.

VINNY: Hakutaka pesa. Alitaka ifutwe. Hata jana amenipigia, ananiuliza kama nimemaliza. Nikamdanganya nimemaliza.

JANEFFER: Anakaa aje?

VINNY: Mrefu. Anakohoa kidogo kabla aongee, hivi, khu-khu. Ana kovu— hapana, sikuangalia sana uso. Naye alikuwa amebeba vitu ya duka, mikono imejaa, akaniambia nimshikie akitoa diski kwa mfuko. Nikashika mimi mwenyewe. Ilikuwa kufuli.

JANEFFER: Kufuli gani?

VINNY: Mpya, bado iko kwa karatasi yake. Ya bluu. Kubwa kama... [anasita] Siste, wewe ulisema hiyo Ijumaa jioni—

JANEFFER: Najua chenye nilisema.

VINNY: Inaweza kuwa kufuli ni nyingi. Bluu ni nyingi.

JANEFFER: Ndiyo. Ni nyingi.

VINNY: Basi usikuje na yeye. Unasikia? Kuja na mzee wa kanisa, kuja na chifu, kuja na mtu yeyote—

[Mlango unagongwa kwa Janeffer.]

JANEFFER: Ngoja.

VINNY: Nani huyo?

JANEFFER: [mbali na simu] Nani?... Ooh, ni wewe. Ngoja nifungue, hiyo kufuli yako ni ngumu.

VINNY: Siste? Usifungue! Haloo?

[Mlango. Mtu anakohoa, khu-khu, halafu sauti ya mwanaume, haisikiki vizuri.]

VINNY: [kwa kunong'ona] Siste. Hiyo kikohozi.

JANEFFER: [kwa simu, sauti imebadilika] Ndiyo, mteja wangu. Picha yako nimeiona. Iache vile iko. Usiguse kitu, usifute kitu. Mimi mwenyewe nitakuja asubuhi na mapema, peke yangu.

VINNY: Nitakaa nayo usiku kucha. Nitailalia. Aki hiyo ndiyo waranti naweza kukupa.

JANEFFER: Hiyo inatosha. Kadi inaisha, kwaheri, asante—

[Sauti ya mwanaume, karibu sasa: "Unaongea na nani, Janeffer?"]

JANEFFER: Ni mteja tu, Kipkosgei. Keti, nikutilie chai. Anauliza mambo ya waranti.

[Simu inakatika.]